Kusadiki na Kusadikika

Mjukuu wangu ana miaka kumi na miwili, na ndiye mwenye mamlaka juu ya rimoti nyumbani kwangu hapa Mkunya. Usiku mmoja tulikuwa tumekaa sebuleni tukitazama mchezo wa kuigiza. Kijana mmoja katika mchezo ule alikuwa amepigwa na wahuni, akafungwa bandeji mkono wa kushoto, akatoka hospitali akilia na kuapa kwamba atalipiza kisasi. Alipofika nyumbani kwao na kusukuma mlango, bandeji ilikuwa mkono wa kulia. Mimi sikuona. Mjukuu wangu aliruka kitini.

"Babu, umeona? Wanatudanganya!"

Nilicheka, nikamwambia kwamba wamekuwa wakimdanganya tangu mwanzo. Yule kijana hakupigwa na mtu. Ile damu ni rangi, na yule mama anayemlilia si mama yake. Huenda wamejuana wiki iliyopita tu. Mtoto akanitazama kama anayemtazama mzee ambaye masikio yameanza kuziba.

"Hiyo najua, Babu. Lakini hii ya bandeji ndiyo uongo."

Akabadilisha stesheni. Mimi nilibaki na jibu lake mpaka usiku wa manane, na mpaka leo naandika kwa sababu ya jibu lile. Mtoto huyu alikuwa radhi kudanganywa saa nzima juu ya mambo makubwa: kipigo, uzazi, machozi. Hakuwa radhi kudanganywa juu ya bandeji. Je, ni utoto tu? Au alikuwa ameona jambo ambalo mimi, niliyefundisha kwa miaka karibu arobaini na kustaafu nikiwa Mwalimu Mkuu, nililipita bila kuliangalia?

Kwanza nieleze jinsi kosa kama lile linavyotokea, maana wengi wetu hudhani filamu hupigwa kama inavyotazamwa, toka mwanzo hadi mwisho. La hasha. Kijana anayesukuma mlango hupigwa picha nje ya nyumba siku ya Jumatatu, na kijana yule yule akiwa ndani hupigwa picha Alhamisi, pengine katika nyumba nyingine kabisa. Kati ya siku hizo mbili amevua nguo, amelala, amekula, amenyoa. Ndiyo maana wenye kazi hiyo huweka mtu mmoja ambaye shughuli yake ni kukumbuka tu: shati lilikuwa na vifungo vingapi vilivyofungwa, glasi ilikuwa na maji kiasi gani, bandeji ilikuwa mkono upi. Mtu huyo akikosekana kwa ajili ya ufinyu wa fedha, au akisinzia, bandeji huhama. Hadithi inayoonekana kuwa mto mmoja kumbe ni ndoo nyingi zilizomiminwa pamoja.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara, mwaka 1994, mimi nilikwisha pita miaka arobaini. Sinema ya kwanza niliiona nikiwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Newala, pale lilipokuja gari la sinema. Kitambaa cheupe kilitandazwa, jenereta likanguruma, na watu wa vijijini wakakaa chini mchangani kwa mamia. Ilikuwa filamu ya kilimo. Mkulima mmoja mwenye adabu alitoka shamba na jembe begani, akafika nyumbani, akakaribishwa na mkewe, akaketi. Mzee mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Na jembe?" Watu wakaangua kicheko. Bwana Sinema akakasirika, akatuambia tutulie tusikilize mafunzo. Lakini swali la mzee lilikuwa halali. Jembe lilikuwa begani, mtu amekaa, jembe halipo begani wala chini wala ukutani. Kwetu wakati ule jembe halikuwa kitu cha kupotea kati ya uga na kizingiti.

Baadaye sana, katika kusoma, nilikuja kugundua kwamba swali kama la mzee yule lilikuwa limewashughulisha mabwana wakubwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35. Sauti zake ziliwekwa katika sahani za santuri, mbali na picha, na gari likazungusha vyote viwili katika nchi za Afrika Mashariki. Halafu mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba filamu ya Mwafrika lazima iende polepole, isiwe na ujanja wa kamera, na kila tendo lishikane na lililotangulia bila kuruka, kwa sababu akili ya mtazamaji haitaweza kuvuka pengo. Ikazagaa na hadithi ya kijiji kilichoonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa chote. Wanakijiji, husimuliwa, wakasema kwao hakuna tatizo maana hawana mbu wakubwa kiasi kile.

Hadithi hii husimuliwa ili tuchekwe. Mimi sioni cha kucheka. Watu walioambiwa "hii ni habari ya kweli, fuateni" walikuwa na haki ya kuilinganisha na kweli wanayoijua. Na kuhusu mapengo, mabwana wale wangekaa jioni moja tu penye moto na bibi yangu, wangesikia sungura akiwa Ruvuma katika sentensi moja na akiwa nyumbani kwa mfalme katika sentensi ya pili, na hakuna mtoto aliyeuliza nauli. Tulivuka mapengo kuliko mbuzi. Tulichomkatalia bibi ni kitu kingine. Jana alisema fisi alikatwa mkia. Leo akisema fisi alitikisa mkia, tulimkamata palepale, na yeye hakukasirika kama Bwana Sinema. Alisimama, akarudi nyuma, akaushona mkia au akaukata upya.

Hadithi zetu hutangulizwa kwa kuukaribisha uongo kwa jina lake, mlangoni, mbele ya watu wote. Baada ya hapo kila kitu kinaruhusiwa: mnyama atasema, mti utatembea. Isipokuwa msimulizi haruhusiwi kutusahau. Akikosea mkia tunafahamu kwamba ameacha kuuona ulimwengu aliotuingiza, ametuacha humo peke yetu, naye anafikiria mambo yake. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi mjukuu wangu. Wale watu wa televisheni walikuwa wamemwomba asadiki, naye akakubali kwa moyo mweupe, kisha akagundua kwamba wao wenyewe hawakuwa wakisadiki hata kwa kiasi cha kuangalia mkono.

Shaaban Robert alilijua neno hili kuliko sisi sote. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1951 alikiita Kusadikika, na nchi aliyoielezea humo iko hewani, haina ardhi chini yake. Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu alituuliza kwa nini nchi isiyowezekana ipewe jina la kitu kinachowezekana. Tukatoa majibu ya kisiasa, ambayo ndiyo yaliyotakiwa, na yalikuwa sahihi: mwandishi alikuwa mtumishi chini ya wakoloni, akaipandisha nchi yake angani ili asishikwe. Leo nikikisoma naona jambo jingine. Kitabu chote ni kesi. Karama amesimama kizimbani kwa kosa la kufundisha uanasheria, Majivuno anamshtaki, na silaha ya Karama ni masimulizi tu, habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na mema yasiyopokewa. Anahitaji kusadikiwa, la sivyo amekwisha. Nasi wasomaji, tuliokubali nchi ielee hewani kama kishada, tungekitupa kitabu kama mjumbe mmoja angetumwa kaskazini akarejea kutoka kusini.

Mambo haya si ya michezo tu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati, uliokusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. Mle alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Majirani zangu walimjadili Mkwaju kama wanavyomjadili mtu wa Masasi aliyepita jana. Walimsema, walimwonya kupitia spika ya redio, na alipougua hawakushangaa, maana alikuwa amekuwa Mkwaju yule yule wiki baada ya wiki. Laiti angekuwa mlevi Jumanne na mcha Mungu Ijumaa bila sababu, nani angeogopa ugonjwa wake?

Sasa, kuna makosa ya aina hii hata kwa mabingwa. Shakespeare aligonga saa katika mji wa Roma wa zamani, ambako saa za kugonga hazikuwapo. Iko katika Juliasi Kaizari, mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri mwaka 1963 na kuurekebisha mwaka 1969. Cervantes wa Hispania alimwibia Sancho punda wake kisha akampandisha punda huyo huyo kabla hajapatikana, na katika kitabu cha pili wahusika wenyewe wakalizungumza kosa hilo, jambo ambalo nalipenda sana. Lakini kosa lililonigusa mimi ni la Rider Haggard katika kitabu ambacho wengi wa rika langu walikisoma kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Katika chapa ya kwanza ya Kiingereza, ya mwaka 1885, wasafiri wanajiokoa kwa kutabiri kupatwa kwa jua, na jua kweli linapatwa. Tatizo ni kwamba usiku uliotangulia mwandishi alikuwa ameuning'iniza mwezi mpevu. Jua hupatwa pale mwezi unapopita katikati yake na dunia, yaani mwezi unapoandama; mwezi mpevu uko upande wa pili kabisa wa mbingu. Isitoshe giza lile lilidumu muda mrefu mno, wakati giza kamili la jua kupatwa halifiki hata dakika nane. Katika chapa za baadaye Haggard alilibadilisha jambo, akaufanya mwezi wenyewe ndio uliopatwa.

Nilikuwa nikilifundisha kosa hili katika somo la sayansi, darasa la sita na la saba. Nilichora jua, dunia na mwezi ubaoni, nikawaonyesha wanafunzi kwamba hata mwandishi maarufu wa Uingereza anaweza kushikwa na mtoto wa Makonde mwenye chaki. Nilijivunia somo lile. Niliwafundisha pia kwamba mwezi huchelewa kuchomoza kila siku kwa kadiri ya dakika hamsini. Msomaji wangu alishike hilo.

Nilikuwa pia mpenzi wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, tangu nilipokisoma Mzimu wa Watu wa Kale nikiwa chuoni. Nilipenda jinsi anavyowasha kiko chake na kumwacha mtu aseme, aseme, mpaka maneno yake mwenyewe yagongane. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, na hadithi za upelelezi huishi kwa methali hiyo: maneno yasiyoshikana ni alama ya mkosaji. Hakuna aliyeniambia kwamba hata yule babu wa wapelelezi wote, Sherlock Holmes, husimuliwa na daktari ambaye katika kitabu cha mwaka 1887 ana jeraha la risasi begani, na katika kitabu cha mwaka 1890 jeraha hilo hilo liko mguuni.

Basi mwezi wa Oktoba mwaka 1988, katika shule moja ya msingi ya uwanda huu ambayo sitaitaja, mimi nikiwa Mwalimu Mkuu, magunia matatu ya korosho za shamba la shule yaliibwa ghalani usiku. Ilikuwa siku tano baada ya Maulidi. Fedha za korosho zile ndizo zilizokuwa zitununulie madaftari na bati za vyumba viwili, na wazazi walikuwa wamepiga salfa mikorosho ile kwa mikono yao. Kijiji kizima kilikuwa kikinitazama mimi.

Mlinzi alisema alimwona mvulana mmoja wa darasa la tano akipita karibu na ghala. Mvulana nilipomwita alikiri kupita, akasema lakini yeye alimwona kiranja wa shamba pamoja na mtu mzima wakibeba mizigo. Kiranja yule alikuwa wa darasa la sita, kijana safi, hodari wa kusoma risala. Akasema alikuwa amelala kwao.

Niliwahoji wote wawili siku tatu mfululizo, kila mmoja peke yake, nikiandika katika daftari. Sikuwa na kiko, lakini nakiri kwamba nilijiona kama mwenye nacho. Kiranja alisimulia usiku wake mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa ule ule: alikula ugali na kisamvu, akamsomea mdogo wake kitabu, akalala jogoo wa kwanza hajawika. Mvulana wa darasa la tano alinivurugia daftari. Siku ya kwanza alisema kulikuwa na giza, aliona watu wawili lakini nyuso hakuziona. Siku ya pili alisema alimwona kiranja usoni kabisa, kwa sababu mwezi ulikuwa unawaka. Mara alikuwa ameshika ndoo tupu. Mara ndoo ilikuwa kichwani imejaa maji na hakuweza kukimbia. Nilipomuuliza, "Ndoo ilikuwa tupu au imejaa?" alianza, "Mwalimu, nilipokuwa nakwenda..." nami nikamkatiza. Nikamwambia ajibu alichoulizwa, tupu au imejaa? Akanyamaza. Nikamuuliza, mwezi ulikuwapo au haukuwapo? Akaanza kulia. Nami nikafunga daftari.

Alichapwa viboko vinne mstarini mbele ya shule nzima. Baba yake alitakiwa kufidia, akauza mbuzi. Kabla ya mwisho wa muhula mtoto aliondolewa shuleni, akapelekwa kwa mjomba wake Masasi, kule bondeni.

Msimu wa korosho wa mwaka uliofuata, kiranja yule, aliyekwisha maliza darasa la saba, alikamatwa na mlinzi yeye na mtu mzima wakiwa na magunia ya shule. Akaeleza yote, ya mwaka ule na ya mwaka uliopita, kwa ufasaha ule ule.

Usiku huo nilitoa daftari langu. Nilianza kuhesabu. Siku tano baada ya Maulidi maana yake ni mwezi kumi na saba au kumi na nane. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku nne hivi. Mwezi wa namna hiyo hauchomozi magharibi inapoingia. Huchelewa mpaka saa tatu na nusu za usiku, kama nilivyowafundisha watoto wa watu kwa chaki. Na uwanda huu wa Makonde, asiyeuelewa namweleza, mchanga wake hunywa mvua yote, na maji ni kitu cha kufuatwa. Mwaka ule watu walipanga ndoo bombani jioni na kurudi usiku wa manane. Mvulana alikuwa amepita penye ghala mara mbili. Alipita saa mbili akienda, ndoo tupu, giza totoro, akaona vivuli vya watu wawili wakichungulia. Alipita tena baada ya saa sita akirudi, ndoo imejaa kichwani, mwezi juu, akaona uso. Kila alilosema lilikuwa kweli. Swali ambalo sikuuliza lilikuwa moja tu, ulipita mara ngapi? Na jibu lake lilikuwa limekwisha anza kutoka mdomoni mwake nilipomkatiza.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nimefikia kuona kwamba nilitumia kanuni ya hadithi katika mahali pasipokuwa pake. Mtunzi ameuumba ulimwengu wake wote, hata kikombe kilichoko mezani. Pengo likitokea humo, hakuna wa kulaumiwa ila yeye, kwa kuwa nje ya maneno yake hakuna kitu. Kati ya bandeji ya kushoto na bandeji ya kulia hakuna usiku wowote uliopita ambao sisi hatukuuona. Kuna uzembe tu. Shahidi hakuuumba ulimwengu anaousimulia. Ameupita kwa haraka, kwa hofu, na ndoo kichwani. Maneno yake yakigongana, pengo laweza kuwa katika uongo wake, lakini laweza pia kuwa katika kumbukumbu yake, au katika dunia yenyewe, ambayo ina mwezi unaochelewa kuchomoza, au katika sikio la anayemhoji. Na usimulizi usio na pengo hata moja, kama wa kiranja wangu, una sura ya kitu kilichotungwa na kukaririwa. Mtu aliyelala kwao usiku hakumbuki kisamvu kwa maneno yale yale siku tatu.

Hata katika vitabu huwa tunawahi kufunga daftari. Robinson Kruso amechekwa kwa zaidi ya miaka mia tatu kwa sababu alivua nguo, akaogelea mpaka kwenye jahazi lililokwama, akajaza biskuti mifukoni. Mifuko ipi? Lakini katika kitabu kama tunavyokisoma leo, mistari michache mbele, anasema suruali alibaki nayo. Wenye kucheka hawakufika huko.

Sitaki msomaji adhani kwamba nafundisha kusadiki kila linalosemwa. Nimekaa na watoto miaka mingi, najua uongo una miguu yake, na mara nyingi kweli maneno hugongana kwa sababu ni uongo. Wala sina kipimo cha kutenganisha. Ninachoweza kusema ni kwamba siku zile tatu sikuwa nikitafuta kilichotokea. Nilikuwa nikitafuta hadithi nzuri, na kiranja ndiye aliyekuwa nayo. Nilimpa alama kwa insha.

Kuna jambo ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Ukweli ulipojulikana, nilikwenda kwa baba wa mvulana jioni, peke yangu, nikamrudishia bei ya mbuzi kutoka mshahara wangu. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Akasema, "Mtoto amekwisha kwenda, Mwalimu." Hakusema zaidi. Adhabu nilikuwa nimeitoa mstarini, mbele ya shule nzima. Sahihisho nililitoa ugani, giza limeingia, bila shahidi. Nilijiambia kwamba heshima ya ofisi yapaswa kulindwa. Watoto waliomwona akichapwa wamekuwa watu wazima, na wengine wao bila shaka wanamkumbuka mpaka leo kama mwizi wa korosho.

Nilikutana naye mwaka 2016 Masasi, karibu na stendi. Mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu ndevuni, ana kibanda cha kutengeneza redio na simu. Yeye ndiye aliyenitambua. Akatoka nje ya kibanda akifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alinitafutia kiti, akaagiza soda. Tuliongea habari za wazazi wake, ambao wote wametangulia, na bei ya korosho, ambayo mwaka ule watu waliisifia. Mwishowe nikasema nililokuja nalo moyoni miaka ishirini na minane. Nikamwambia kwamba nilimkosea, kwamba sikumsikiliza, kwamba mwezi ulikuwapo na haukuwapo na yote mawili yalikuwa kweli. Nikamweleza hesabu yangu yote, saa tatu na nusu, bomba, ndoo. Nadhani nilikuwa naeleza kama niko ubaoni.

Alisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza. Kisha akacheka kidogo, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, huo mwezi siukumbuki hata kidogo. Mimi nakumbuka mvua. Ilikuwa masika, nimelowa, nimejifunika gunia, na wewe ulinichapa viwili."

Oktoba kwetu hakuna masika. Korosho huokotwa ardhi ikiwa kavu. Na kitabu cha adhabu, nilichokijaza kwa mkono wangu mwenyewe, kiliandikwa vinne.

Nilikunywa soda yangu, nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Mvua ilikuwa kubwa."